Wavu au Ukuta: Mjadala wa Uzio katika Miteremko ya Mlima Meru

Neno fensi, kama linavyotumiwa Arusha katika matangazo ya madalali na katika mazungumzo ya mafundi, hujumuisha kila kitu kinachozunguka kiwanja, kuanzia seng'enge za miba zilizogongomewa kwenye vigingi vya mkaratusi hadi ukuta wa bloku unaopita kimo cha mtu, na kwa sababu hiyo neno hilo linaficha tofauti ambayo ndiyo kiini cha mjadala huu. Kiswahili kina maneno mengine yenye kumbukumbu ndefu zaidi. Ua ni uzio wa miti, makuti au mimea, na katika nyumba za pwani neno hilohilo limehamia kwenye eneo lililozungushiwa, hata uani pakawa mahali pa jiko, pa maji na pa mazungumzo yasiyowahusu wapita njia. Boma lilikuwa uzio wa kulinda mifugo, likawa ngome, kisha likawa ofisi ya serikali, na Arusha ina ushahidi wa safari hiyo katika Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900, ambalo leo ni makumbusho. Uzio ndilo jina pana kuliko yote, nalo ndilo litakalotumika hapa kwa aina zote mbili zinazobishaniwa.

Aina ya kwanza ni wavu wa chuma, unaoitwa madukani cheni linki, yaani waya zilizopakwa zinki ili zisishike kutu upesi, zikapindwa na kushikanishwa hadi zikafanya matundu ya pembe nne yaliyosimama kwa ncha. Ukoo wake unarudi kwenye mashine ya kusuka nyavu za waya iliyobuniwa Norwich, Uingereza, mwaka 1844 na Charles Barnard, ambaye aliiga mitambo ya kufumia nguo. Aina ya pili ni uzio wa faragha, yaani uzio wowote ambao kazi yake ya kwanza ni kuzuia macho, uwe ukuta wa bloku, paneli za zege, mabati, au mabanzi, ambavyo ni vipande vya pembeni vya gogo vinavyobaki baada ya mbao kupasuliwa.

Sauti zinazojibizana hapa si za watu fulani. Ni hoja zinazosikika kila mara kiwanja kipya kinapoanza kujengwa kati ya Kisongo na Usa River, na zimepewa vinywa vinne ili zipambanishwe kwa uwazi: Mama mwenye nyumba wa Njiro, anayetaka ukuta, Mwalimu wa Ilboru, anayetetea wavu, Fundi mwashi, anayelipwa kwa kazi yoyote ile na kwa hiyo husema ukweli zaidi kuliko wote, na Mzee wa kihamba cha Akeri, ambaye hakualikwa.

Mama ndiye anayefungua mjadala, na anaufungua kwa kamba ya kuanikia nguo. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, anasema, kikishabeba nyumba ya vyumba vitatu, shimo la maji taka, tangi la maji na banda la kuku, hakibakizi mahali ambapo nguo za ndani zinaweza kuanikwa, mtoto akaogeshwa kwenye beseni, au mgonjwa akaota jua, bila majirani wa pande tatu na wapita njia wa upande wa nne kuona na kuhesabu kila kitu. Jiji la Arusha lilikuwa na watu 416,442 katika sensa ya mwaka 2012, likahesabiwa kuwa na watu 617,631 katika sensa ya mwaka 2022, ongezeko linalokaribia nusu ya idadi ya awali ndani ya miaka 10, na kwa maoni yake ni makosa kumtaka mtu aliyezungukwa na wageni wa mikoa yote aishi kana kwamba amezungukwa na shangazi zake. Anaongeza kuwa faragha si ugeni wala majivuno ya wenye fedha, kwa kuwa nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa kuta nene zilizoupa mtaa kisogo na kuelekeza uso wake uani.

Mfano huo wa pwani ni mzuri, ingawa una upande ambao Mama aliupita. Nyumba ya Lamu haikutegemea ukuta peke yake: mgeni alipokelewa kwenye daka, yaani kibaraza chenye mabaraza ya kukalia mlangoni, na njia ya kuingilia ilipindwa ili macho ya aliyesimama mlangoni yasifike ndani hata mlango ukiwa wazi. Mjenzi wa Lamu aliipata faragha kwa kupanga nyumba, ilhali mjenzi wa Njiro huiweka nyumba katikati ya kiwanja, akaielekeza sebule na madirisha yake makubwa barabarani, kisha akautaka ukuta urekebishe kosa lililokwisha kufanywa na ramani.

Mwalimu hapingi haja ya faragha, bali anahoji usalama ambao ukuta hudaiwa kuuleta. Wavu, kwa maelezo yake, humwacha mwizi akionekana tangu anapougusa hadi anapotoka, hivyo macho ya jirani, ya muuza duka na ya mlinzi wa mtaa hufanya kazi bila malipo. Ukuta humsumbua mwizi kwa muda wa kuupanda tu, na akishatua ndani humkinga kwa ukamilifu uleule uliokusudiwa kumkinga mwenye nyumba. Ndiyo maana, anaendelea, ukuta haumalizi gharama zake siku unapomalizika, kwa kuwa baada ya ukuta huja vipande vya chupa juu yake, baada ya chupa huja waya wa umeme, na baada ya waya wa umeme huja mbwa na mlinzi, ambapo kila nyongeza ni ushahidi kwamba ile iliyotangulia haikutosha. Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Mwalimu anawakumbusha wasikilizaji kwamba katika methali hiyo kujenga ukuta ni adhabu, si maendeleo.

"Mwalimu," Mama anamjibu, "wavu hukatwa kwa koleo ndani ya dakika chache, tena huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu asubuhi yake, hakuna aliyewahi kuiba ukuta." Jibu hilo lina nguvu, na Mwalimu hulikwepa kwa kuhamia kwenye ubora wa waya, jambo ambalo kwa kweli linastahili maelezo. Unene wa waya hupimwa kwa geji, kipimo ambacho namba yake ikiwa kubwa waya huwa mwembamba, kiasi kwamba waya wa geji 16 una kipenyo cha milimita 1.6 hivi, wakati waya wa geji 10 unafikia milimita 3.25. Mnunuzi asiyejua hilo hufurahia namba kubwa na bei ndogo, akarudi nyumbani na wavu unaofaa banda la kuku. Hata hivyo wavu mnene nao hukatwa na aliyekuja na koleo kubwa zaidi, na katika suala la kuiba uzio wenyewe Mama anabaki mshindi.

Fundi anapoingia, mazungumzo hushuka kutoka kwenye nia hadi kwenye tofali. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mzunguko wa mita 80, na ukiondoa mita 4 za geti hubaki mita 76. Ukuta wa bloku za inchi 6 wenye kimo cha mita 2 juu ya ardhi utakula zaidi ya bloku 1,300, bila kuhesabu zilizozikwa kwenye msingi, nguzo za zege na nondo zake, renta, yaani mkanda wa zege unaofunga kozi za juu, wala lipu ya pande mbili ambayo eneo lake linazidi mita za mraba 300. Uzito wa ukuta huo juu ya ardhi unakaribia tani 45. Mzunguko huohuo ukiwekwa wavu unahitaji nguzo 26 hivi, zikisimikwa kila baada ya mita 3, viegemeo kwenye pembe ili mvutano usizilaze nguzo za mwisho, na mistari mitatu ya waya mnene wa kuvutia, mmoja juu, mmoja katikati na mmoja chini. Fundi hasemi kipi ni bora. Anasema tu kwamba watu wengi huanza ukuta kwa fedha za ukuta wenye kozi nne, na ndiyo maana maeneo mapya ya Muriet, Olasiti na Moshono yana kuta nyingi zilizoishia magotini, ambazo hazimzuii mbuzi wala jicho.

Baada ya hapo Fundi anauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia: "Mama, kiwanja chako kikipigwa na mvua ya Aprili, maji huingilia upande gani?"

Swali hilo ndilo linaloitofautisha Arusha na miji ya tambarare, na ndipo mjadala unapostahili kutulia kwa muda. Mlima Meru una kimo cha zaidi ya mita 4,560, na jiji limelala kwenye miguu yake ya kusini, upande unaopata mvua nyingi, hivyo maji ya masika, msimu wa mvua ndefu wa Machi hadi Mei, hushuka kutoka msituni kupitia Ilboru, Sekei na Sanawari, yakagawanyika katika mito ya Themi, Naura, Goliondoi, Kijenge na Burka, na yasiyopata mto hupita barabarani na viwanjani kuelekea kusini. Ardhi ya volkeno ya miteremko ya juu hunywa maji upesi ikiwa na migomba na majani makavu, lakini ikishafunikwa kwa mapaa, lami na sakafu za saruji hainywi kitu. Ukuta uliojengwa kukatisha mteremko, kwa hiyo, si uzio tu; ni bwawa ambalo halikusanifiwa kuwa bwawa.

Hesabu yake si ngumu. Maji yaliyosimama nyuma ya ukuta husukuma kwa nguvu inayoongezeka kwa mraba wa kina chake, maana yake kina kikiongezeka mara mbili nguvu huongezeka mara nne: kina cha nusu mita husukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 125, na kina cha mita moja husukuma kwa nguvu inayolingana na kilo 500. Ukuta wa bloku za inchi 6 wenye kimo cha mita 2 una uzito wa kilo 600 hivi kwa kila mita, lakini uzito huo umesimama juu ya unyayo wenye upana wa sentimita 15 tu, na ukihesabiwa peke yake, pasipo msaada wa nguzo wala mshiko wa msingi, maji yenye kina cha sentimita 65 yanatosha kuupindua. Nguzo zilizofungwa nondo hadi kwenye msingi huongeza uwezo huo kwa kiasi kikubwa, lakini ndizo pia zinazokatwa kwanza bajeti inapobana, kwa sababu hazionekani baada ya lipu. Tiba inayojulikana kwa kila fundi ni matundu ya kutolea maji kwenye kozi za chini, na kila fundi pia anajua kwamba mwenye nyumba huja baadaye kuyaziba, akiogopa nyoka, panya na maji machafu ya jirani wa juu.

Mwalimu anaona ushindi umekaribia, akasema wavu huyapitisha maji na upepo bila ugomvi na kwa hiyo ndio uzio wa mlimani. Fundi anamzuia. Maji ya mafuriko, kama yalivyoonekana Arusha katika mvua za Aprili 2024, hayaji peke yake. Huja na chupa za plastiki, mabua, matambara na matawi, na takataka hizo zikishaziba matundu, wavu nao hugeuka bwawa, ingawa bwawa jepesi, ambalo hulazwa chini likafunika bustani. Tofauti, kwa maelezo ya Fundi, ni kwamba wavu ulioanguka huinuliwa kesho yake kwa nguzo mpya mbili, ilhali ukuta ulioanguka huangukia kitu, na kitu hicho mara nyingi ni nyumba ya jirani wa chini au mtu anayepita. Huko tambarare, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hatari ni ya aina nyingine, kwa kuwa ukuta haupinduliwi bali hupasuliwa polepole kuanzia msingini, ufa ukipanda kwa ngazi kufuata maungio ya bloku.

Mzee wa Akeri amekuwa akisikiliza haya yote akiwa na shaka juu ya msingi wa swali. Katika kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, migomba, kahawa na zizi la ng'ombe wa kulishwa ndani, hapakuwa na haja ya kuchagua kati ya wavu na ukuta, kwa kuwa mpaka ulikuwa na alama yake na faragha ilikuwa na yake, na vitu hivyo viwili havikuchanganywa. Alama ya mpaka ilikuwa masale, mmea wa majani marefu ya kijani ambao ukipandwa hauhamishwi bila mashahidi, na ambao kwa Wachaga wa jirani pia hubebwa na anayekwenda kuomba msamaha. Faragha ililetwa na migomba yenyewe, ambayo hufunika nyumba kiasi kwamba anayepita njiani husikia watu asiowaona. Mzee anaongeza kwamba wenyeji wa mlima huu walijifunza mapema kuwa mpaka wenye nguvu kuliko yote hauonekani kwa macho. Tume ya Jaji Mark Wilson ya mwaka 1947 ilichora mistari ya kupanga upya ardhi ya Wameru na ya walowezi, na kwa mistari hiyo ya karatasi, wala si kwa ukuta, Wameru wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki mwezi Novemba 1951 ili mahali pao pawe mashamba 13 ya Wazungu, jambo lililomfikisha mwakilishi wao, Kirilo Japhet, mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952.

"Shikamoo, Mzee," Mama anasema, na heshima hiyo haipunguzi ukali wa kinachofuata. Faragha ya migomba, kwa hoja yake, ilikuwa ya watu waliojuana hadi babu wa tatu, na ililindwa na aibu zaidi ya majani. Kihamba nacho kimegawanywa kwa watoto, kikagawanywa tena kwa wajukuu, hadi migomba ikabaki mistari miwili kati ya nyumba na nyumba, na baadhi ya vipande vimeuzwa kwa watu ambao masale kwao ni maua. Anayenunua kipande hicho hawezi kuambiwa asubiri aibu imlinde.

Hoja hiyo ndiyo bora kuliko zote ambazo upande wa ukuta umezitoa, kwa kuwa inakiri kwamba ukuta ni dalili ya kupotea kwa kitu kingine, bila kumlaumu anayeujenga kwa kukipoteza. Lakini haithibitishi kwamba ukuta ndio mrithi pekee wa migomba. Mwalimu, ambaye safari hii amejifunza kutokana na Mzee, anatoa mfano wa jirani: huko Simanjiro, kwenye nyika ya Wamaasai kusini mwa Arusha, kijiji cha Loibor Siret na vijiji vingine vimeweka maboma ya mifugo ambayo wavu wa chuma hufungwa si kwenye nguzo za mbao au za zege bali kwenye miti hai ya jamii ya Commiphora, ambayo fimbo yake ikichomekwa ardhini huota, ikakua na kuzidi kuushika wavu, tofauti na boma la miiba mikavu lililohitaji miti mipya kukatwa kila mara. Boma hilo lilikusudiwa simba na fisi, si wapita njia, lakini linaonyesha kwamba swali la wavu au mmea ni la uongo, kwa sababu wavu hushika kazi siku ya kwanza na mmea hushika kazi baadaye.

Kwa mazingira ya Arusha mimea inayofaa inajulikana. Michongoma, yenye miiba mirefu na uwezo wa kuvumilia mkasi, ndiyo mizito kuliko yote, na ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 30 hivi kando ya wavu hufanya ukuta wa kijani ambao hata kuku hapiti. Bogenvilia ni nzuri kwa macho lakini hulemea wavu na kuuinamisha ikiachwa bila kupunguzwa. Minyaa huota hata mahali pakavu kama Oldonyo Sambu, ingawa utomvu wake ni hatari kwa macho na haifai mahali penye watoto wadogo. Uzio wa namna hii huacha maji yapite kati ya mashina huku majani yakizuia macho na sehemu ya vumbi, na mizizi hushika udongo wa mteremko, kazi ambayo msingi wa ukuta hauifanyi.

Sheria nayo ina neno lake, japo fupi. Ukuta ni jengo, na kwa hiyo huhitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, iwe ya Jiji, ya Wilaya ya Arusha au ya Meru. Na kabla ya kibali huhitaji bikoni, yaani vigingi vya zege vilivyowekwa na mpima ardhi kwenye kona za kiwanja, ambavyo wenye nyumba wengi huvitafuta baada ya ukuta kusimama. Kosa la sentimita 40 katika wavu hurekebishwa kwa kung'oa nguzo, lakini kosa hilohilo katika ukuta hupelekwa Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 hubaki na kazi ya kusuluhisha tu, na suluhu ikishindikana hufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mahali ambapo majirani huzeeka pamoja. Anayejenga kando ya barabara kuu ana sababu ya ziada ya kufikiri, kwa kuwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara hizo kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kuanzia katikati, na alama ya X iliyopakwa rangi nyekundu haichagui kati ya ukuta uliopigwa lipu na usiopigwa. Katika sehemu kama Sakina hadi Tengeru, ambako barabara imekwisha kupanuliwa kuwa ya njia nne, uzio unaoweza kuhamishwa una thamani ambayo dalali haiandiki kwenye tangazo.

Mama hajashindwa, na haingekuwa haki mjadala ukiisha kana kwamba ameshindwa. Kwenye viwanja vidogo vya Ngarenaro, Kaloleni au Unga Limited, ambako kati ya ukuta wa nyumba na njia kuna hatua mbili tu, michongoma ingekula nusu ya nafasi iliyopo, na ukuta mwembamba ndio unaoacha mahali pa kusimama. Upande wa Terrat na Kisongo, kiangazi huleta vumbi ambalo wavu hauna habari nalo. Anachokubali, baada ya hesabu ya Fundi, ni kuugawa mzunguko wake badala ya kuufanya wa aina moja: ukuta upande wa barabara na upande wa bafu na kamba ya nguo, wenye nguzo kamili, kisha wavu na michongoma upande wa juu ambako maji huingilia na upande wa chini ambako hutokea, ili njia ya maji ibaki pale ilipokuwa kabla kiwanja hakijapimwa. Fundi anasema mpango huo ni rahisi kuujenga na mgumu kuuelezea kwa mwenye nyumba ambaye ameona picha ya nyumba yenye ukuta pande zote.

Linalobaki ni muda. Michongoma iliyopandwa mwanzoni mwa masika, udongo ukiwa umelowa, huhitaji miaka 3 hivi kabla haijafikia kimo cha mtu na kufunga matundu, na Mama anataka kujua nguo zitaanikwa wapi katika miaka hiyo. Mwalimu anapendekeza neti ya kivuli, ile nyeusi au ya kijani inayotumiwa kwenye vitalu vya miche Tengeru, ifungwe kwenye wavu kwa waya mwembamba hadi mmea ushike nafasi yake. Fundi anakubali, kwa sharti kwamba nguzo za upande huo zisimikwe kila baada ya mita 2 badala ya 3, kwa kuwa neti hushika upepo kama tanga, na upepo wa Julai hautaungoja mchongoma ukue. Mzee anauliza kama pale kwenye kona, palipo na bikoni, pataachiwa nafasi ya shina moja la masale.

"Pataachwa, Mzee," Mama anasema, na Fundi anaandika kona ile kwenye daftari lake, pamoja na nguzo za nyongeza.